Kutunza Upako wa Heda za Ekzosi kwa Magari ya Eastlands

Heda ni fungu la mabomba linalopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye kichwa cha injini na kuukusanya katika bomba moja la ekzosi. Hakuna sehemu ya nje ya injini inayopata moto kama huo. Katika injini ya petroli iliyolemewa na mzigo, moshi hutoka kwenye vali ukiwa na joto la nyuzi 700 hadi 900 za sentigredi. Moshi wa dizeli una joto la chini zaidi, ila nao hupita nyuzi 500 gari likipanda kilima limejaa. Chuma chenyewe hakifikii joto la moshi kwa sababu hewa hukipoza kwa nje; hata hivyo nyuzi 300 hadi 600 ni za kawaida kwake, na chuma tupu kikiokwa hivyo kila siku kisha kurushiwa matope hakikawii kuliwa na kutu. Upako unawekwa kuzuia kutu hiyo. Aina zilizo ghali zaidi hufanya na kazi ya pili: kulizuia joto libaki ndani ya bomba lisiunguze vilivyo jirani.

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Utawala, kazi hizo mbili hazina uzito sawa kwa kila gari. Matatu ya Toyota HiAce ya abiria 14 ina injini chini ya viti vya mbele, kwa hiyo joto la ekzosi huwapata kwanza dereva na waliokaa kando yake. Hapo kinga ya joto ni nafuu ya mwili. Subaru ni jambo jingine. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na hadi leo vijana wengi wa Nairobi huifungia heda kwa ajili ya mngurumo wake. Injini ya Subaru ya silinda nne imelala ubavu, na matundu ya moshi yanatazama chini, hivyo heda hupita chini ya injini yote. Kila dimbwi, kila tuta la barabarani na kila tone la oili linalovuja huishia juu yake. Mwenye gari la aina hiyo ana kazi kubwa zaidi ya kutunza upako kuliko mwenye Probox au Vitz, ambazo manifoldi yake, yaani heda ya kiwandani, imekaa juu, mbali na maji.

Upako ulio rahisi kupatikana ni rangi ya joto ya kupuliza, ile ya kopo. Gundi yake ni ya silikoni. Rangi ikipashwa moto mara ya kwanza, sehemu zake laini huungua na kutoka kama moshi, na kinachobaki ni utando mgumu ulioshikana na chuma. Makopo mengi huandikwa kwamba yanastahimili nyuzi 600 au 650, na mengine hutaja zaidi ya nyuzi 1,000. Namba hiyo kubwa ni ya kilele cha muda mfupi, tena kwa rangi iliyopakwa na kuokwa kama kopo linavyoagiza. Rangi ya kawaida ya mafuta, ile silva ambayo baadhi ya mafundi huipaka ekzosi ili ing'ae kabla gari halijauzwa, haihesabiki hapa hata kidogo. Gundi yake huungua, na baada ya safari chache hubaki unga unaofutika kwa kidole.

Juu ya hiyo kuna upako wa seramiki unaookwa kwenye tanuri. Ule unaong'aa kama fedha huwa umechanganywa na alumini. Ni mzuri na haupauki upesi, ila alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na kwa hiyo haufai karibu na turbo au kwenye injini inayokimbizwa sana. Ulio juu kabisa ni ule wa zirkonia, unaorushwa kwenye chuma kwa mwali wa plazma. Zirkonia hupitisha joto kidogo mno: chuma cha kawaida hupitisha takriban mara 25 zaidi. Hiyo ni kazi ya mitambo maalumu, na bei yake mara nyingi huzidi ya heda yenyewe. Kwa gari la kawaida linalolala Donholm na kushinda mjini, rangi ya silikoni iliyopakwa kwa uangalifu inatosha kabisa, mradi lile bati la kiwandani linalofunika manifoldi lisitupwe. Mafundi wengi hulitoa ili wafikie bolti kwa urahisi na hawalirudishi. Bati hilo huzuia maji, huzuia joto, na halihitaji rangi ya mtu yeyote.

Jambo ambalo wengi hukosea ni kudhani kwamba upako hufa kwa moto. Ukichaguliwa vizuri, moto hauushindi. Huharibika kutoka chini, kwa kutu, oili au unyevu ulioachwa kati yake na chuma. Na huharibika kutoka juu, kwa maji baridi na kemikali zinazomwagwa ukiwa bado moto. Katikati kuna mvutano usiokoma wa chuma kutanuka na kunywea. Bomba la chuma cha kawaida lenye urefu wa sentimita 60 likipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 625 hurefuka kwa milimita 4 na zaidi. La stenlesi hurefuka kwa milimita 6. Gari likizimwa, urefu huo wote hurudi. Utando mwembamba hufuata mwendo huo, lakini mnene hupasuka. Ndiyo maana mtu anayerudia kupaka mara sita ili rangi ikae muda mrefu huishia kuiona ikibanduka kama ganda la yai mapema kuliko aliyepaka mara tatu.

Maandalizi basi ndiyo nusu kubwa ya utunzaji, na hayafupishwi. Heda hufunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa. Bolti hunyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu jioni iliyotangulia, kwa kuwa bolti ikikatikia ndani ya kichwa cha injini gharama yake hupita ya kazi yote. Kutu huondolewa hadi chuma kionekane cheupe. Brashi ya waya hutosha kwa kutu nyepesi. Kutu iliyochimba vishimo huhitaji kupigwa mchanga, na anayeifanya kazi hiyo lazima afunike pua na mdomo kwa barakoa inayofaa, kwani vumbi la mchanga huharibu mapafu na hakuna dawa ya kuyarudisha. Magari yaliyotumika Japani kabla ya kuja Kenya, ambayo kwa kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000 hayaruhusiwi kuingia yakizidi umri wa miaka minane, huweza kuja na kutu ya aina hiyo chini yake hata kama bodi inang'aa, hasa yaliyotoka sehemu za theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi.

Baada ya kutu hufuata mafuta. Heda husuguliwa kwa msasa wa kati ili chuma kipate mikwaruzo ya kushikilia rangi, kisha hupanguswa kwa thina au asetoni na kitambaa cheupe. Kitambaa ndicho kipimo: kikitoka na weusi, kazi haijaisha. Chuma cha kusubu, kama manifoldi nyingi za kiwandani, hunyonya oili ndani ya vinyweleo vyake, na oili hiyo huja juu kikipata joto. Hicho hupashwa kwa mwali wa gesi hadi kiache kutoa moshi, huachwa kipoe, kisha hupanguswa upya. Kisafishaji cha breki chenye klorini hakitumiki kabisa kwenye chuma kitakachochomelewa au kupashwa moto, kwa sababu mvuke wake ukiungua hugeuka gesi ya sumu kali. Kuanzia hapo heda haishikwi kwa mkono mtupu, maana jasho lina chumvi na alama ya vidole huonekana baadaye kama doa la kutu lenye umbo la vidole vyenyewe. Hupakwa siku hiyohiyo. Katika majira ya mvua, chuma kilichosafishwa na kuachwa usiku mmoja huamka na wekundu.

Kwa heda zilizotengenezwa na mafundi wa Kariobangi Light Industries au kwingineko, kuna jambo la kuuliza kabla ya yote: bomba lilitoka wapi? Bomba la maji lililopakwa zinki halifai. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420, chini ya joto la heda, kwa hiyo upako uliokaa juu yake hukosa pa kushika. Moshi wa zinki wakati wa kuchomelea humpa fundi homa na baridi usiku huo. Fundi mzuri hutumia bomba jeusi la chuma au stenlesi, na hueleza ametumia lipi bila kusukumwa.

Wakati wa kupaka, heda hutundikwa kwa waya ili ifikiwe pande zote. Nyuso za flanji zinazokutana na gasketi hufunikwa kwa karatasi na tepu, na nyuzi za tundu la sensa ya oksijeni huzibwa kwa bolti ya zamani. Ndani ya bomba hapapakwi, kwani mvuke wa silikoni unaweza kuiharibu sensa. Kopo hutikiswa dakika mbili baada ya gololi yake kuanza kusikika. Hupulizwa kutoka umbali wa sentimita 25 hadi 30, mkono ukienda bila kusimama, na tabaka la kwanza liwe jepesi kiasi kwamba chuma bado kinaonekana chini yake. Baada ya dakika 10 huja la pili, kisha la tatu. Pembe za mabomba na sehemu za welda hupakwa kwanza kwa kuwa ndizo zinazorukwa. Inayosahaulika kuliko zote ni ile nyuma inayotazama injini, isiyoonekana heda ikishafungwa, na kutu huanzia hapohapo.

Rangi iliyokauka kwa hewa bado haijawa upako. Kidole hakiachi alama, lakini spana moja ikiteleza huikwangua yote. Ugumu wake huja kwa kuokwa, na kuokwa ni kwa ngazi. Kwenye tanuri, utaratibu wa kawaida wa rangi hizi ni nusu saa kwa nyuzi 120, kupoa, nusu saa kwa nyuzi 200, kupoa, kisha nusu saa kwa nyuzi zipatazo 315. Tanuri la kupikia chakula halitumiki kwa kazi hii. Jiko la makaa pia halifai, kwani upande mmoja hupata moto mkali, mwingine hubaki na moto hafifu, na masizi hunasa kwenye rangi laini. Wengi hawana tanuri, basi huoka heda ikiwa imefungwa kwenye gari. Injini huwashwa kwa dakika 10 isizidi mwendo wa kusimama, huzimwa ipoe dakika 20. Huwashwa tena dakika 20, hupoa dakika 20. Mara ya mwisho hufanya kazi dakika 30. Maagizo ya kopo yakitofautiana na haya, ya kopo ndiyo yanayofuatwa.

Kuoka hutoa moshi mweupe wenye harufu kali, jambo lisilopaswa kumtia mtu wasiwasi wala kumfanya akatize ngazi. Lakini mahali pake panahitaji kufikiriwa. Ua mwembamba wa ploti ya Umoja au Pipeline, wenye ghorofa pande nne na madirisha ya majirani juu ya boneti, si mahali pa kuwasha injini saa nzima. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi isiyo na harufu, na watoto huchezea papo hapo. Uwanja wazi au sehemu ya kuegesha magari ya karakana ndiyo inayofaa. Wakati wote huo gari halioshwi na haliendeshwi kwenye mvua. Anayekusudia kupaka mwezi wa Aprili afadhali angoje siku kavu.

Heda hufungwa na gasketi mpya, na nyuzi za bolti hupakwa grisi ya shaba ili zifunguke siku nyingine. Baada ya mizunguko ya kwanza ya joto, bolti hukazwa tena injini ikiwa imepoa, kuanzia katikati kwenda pembeni, isipokuwa kama mtengenezaji wa gasketi amekataza. Uvujaji mdogo wa flanji hujulikana kwa sauti ya tiki-tiki asubuhi injini ikiwa baridi, na kwa mstari mweusi wa masizi ulionyooka kutoka kwenye ungio. Moshi unaotoka kwa msukumo mahali padogo huchoma upako wa hapo hadi chuma, na hewa inayoingia kwenye ufa huohuo huidanganya sensa ya oksijeni, kompyuta ikaongeza petroli isiyohitajika.

Heda ikishakuwa barabarani, adui wa kwanza ni mpira wa maji wa kuoshea magari. Gari huletwa moja kwa moja kutoka kwenye foleni ya Jogoo Road, boneti hufunguliwa, na maji hurushwa ndani kwa pampu ya nguvu. Maji ya nyuzi 20 yakigonga chuma cha nyuzi 300, tabaka la juu hunywea kwa kishindo huku chuma cha chini kikiwa bado kimetanuka. Rangi hupasuka vipande vidogo kama udongo wa kiangazi, na manifoldi ya chuma cha kusubu huweza kupasuka yenyewe. Injini huachwa ipoe saa moja au zaidi, mpaka mkono ukiwekwa karibu na heda usihisi joto. Kama mwoshaji hana muda wa kungoja, boneti isifunguliwe na chini ya gari pasirushiwe maji.

Maji yenyewe yana neno. Sehemu nyingi za Embakasi na Kayole hutegemea visima virefu ambavyo maji yake yana chumvi. Yakikauka juu ya heda huacha ukungu mweupe, na chumvi hiyo ikipata unyevu huendelea kula chuma kupitia kila mkwaruzo. Stenlesi haisalimiki kwa jina lake: kloridi huichimba vishimo vidogo virefu. Anayeosha kwa maji ya kisima afadhali asuuze eneo la heda kwa ndoo moja ya maji ya mfereji, kisha aliendeshe gari dakika chache likauke. Sabuni iwe ya kawaida. Asidi za kung'arishia rimu na dawa za kufulia zenye klorini zikae mbali kabisa, na brashi ya waya isiguse upako uliookwa. Kitambaa au brashi laini hutosha.

Kuna desturi mbaya zaidi ya kuosha injini kwa mafuta ya taa au dizeli ili ing'ae. Mafuta ya taa huwaka yenyewe, bila cheche, yakifikia takriban nyuzi 210, na heda hupita joto hilo muda mfupi baada ya gari kuondoka. Yakibaki kidogo hutoa moshi na kuuvimbisha upako. Yakibaki mengi huwasha moto chini ya boneti. Hakuna sababu inayotosha ya kuyatumia hapo.

Oili inayovuja hufanya uharibifu uleule polepole. Kwenye Subaru, gasketi za vifuniko vya tapeti hukauka kwa umri na oili hudondokea moja kwa moja kwenye heda. Dalili ya kwanza ni harufu ya kuungua gari likisimama kwenye taa, kisha moshi mwembamba kando ya boneti. Oili ikiungua juu ya upako huacha gundi nyeusi ngumu, na chini ya gundi hiyo upako hulegea. Kupaka upya bila kubadilisha gasketi ni kutupa pesa. Kila kinachovuja juu ya heda, iwe oili, maji ya rejeta, mafuta ya usukani au ya breki, huzibwa kwanza, ndipo rangi ifikiriwe.

Afya ya injini nayo husomeka kwenye heda. Mchanganyiko wenye petroli kidogo huongeza joto la moshi, na cheche inayochelewa huliongeza zaidi, kwa sababu moto unakuwa bado unawaka vali ya moshi inapofunguka. Plagi au koili ikifa, petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuwakia huko. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya hivyo pia; tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya uchakachuaji. Upako uliokadiriwa nyuzi 650 hauna kosa ukiungua kwenye injini inayoufikisha nyuzi 800. Njia rahisi ya kujua ni kutazama heda usiku mahali penye giza: chuma huanza kuonyesha wekundu hafifu kikikaribia nyuzi 550. Gari la kawaida likionyesha wekundu huo likiwa limesimama tu linaunguruma, tatizo liko ndani ya injini.

Kipimajoto cha infraredi husaidia kupata silinda yenye kasoro. Injini ikiwa imewashwa dakika chache, kila bomba hupimwa mahali pamoja, sentimita chache kutoka kwenye flanji. Bomba lenye joto la chini mno kuliko mengine ni la silinda isiyowaka vizuri. Kifaa hiki hudanganywa na chuma kinachong'aa, hivyo heda ya stenlesi au ya seramiki ya fedha husomeka chini ya ukweli. Inafaa zaidi kulinganisha bomba na bomba kuliko kuamini namba yenyewe.

Safari fupi zina madhara yasiyoonekana. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Gari linalotoka Buruburu hadi shuleni karibu na kurudi halipashi ekzosi joto la kutosha, na mvuke hugeuka maji ndani ya mabomba, yakiwa na asidi kidogo. Upako wa nje hauzuii kutu ya ndani. Safari moja ya nusu saa kwa wiki, kwa mwendo wa Outer Ring Road inapokuwa wazi, hukausha mfumo mzima. Kwa gari linalolala wiki nyingi bila kwenda popote, kuliwasha dakika tano kila asubuhi hudhuru kuliko kuliacha, kwa maana huongeza maji bila kuleta joto la kuyakausha.

Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huleta udongo mweusi wa nyanda za mashariki ya jiji, unaonata kama lami na kushikilia maji kwa siku kadhaa. Ukiganda kwenye heda ya chini hubaki umelowa upande wa ndani hata nje ukionekana mkavu. Hutolewa kwa kijiti cha mbao na maji ya msukumo mdogo, injini ikiwa baridi. Barabara iliyofurika, kama zilivyofurika nyingi mwezi wa Aprili na Mei 2024, haipitwi na gari lenye heda ya chini likiwa moto. Hasara ya upako ni ndogo hapo ikilinganishwa na ya injini iliyonyonya maji.

Bandeji ya ekzosi, ule mkanda wa nyuzi za kioo au za mwamba wa basalti unaozungushwa kwenye mabomba, hupunguza kweli joto chini ya boneti. Lakini hunyonya maji na mafuta, huyashikilia dhidi ya chuma, na huficha kutu hadi tundu litokee. Kwa heda ya chuma cha kawaida kwenye gari la kila siku, mwongozo huu hauishauri. Palipo na ulazima, kama bomba linalopita karibu na waya au mpira wa breki, ni bora kufunga bati la kukinga lililoachiwa nafasi ya sentimita moja au mbili ya hewa.

Ukaguzi unafaa mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Oktoba, na tochi nzuri inatosha. Malengelenge humaanisha oili au unyevu ulioachwa chini wakati wa kupaka. Weupe unaofutika kama chaki ni gundi iliyoungua, yaani joto limezidi kiwango cha upako. Rangi iliyobanduka kwenye bomba moja tu, mengine yakiwa mazima, inaelekeza kwenye silinda hiyo. Vidoa vya kahawia vilivyotawanyika ni kutu inayopenya, na hivyo ndivyo vinavyotibika kwa urahisi vikiwahiwa.

Kiraka hupakwa kwa utaratibu uleule kwa udogo. Doa husuguliwa hadi chuma cheupe, kingo za rangi nzima hulainishwa kwa msasa mwembamba ili kusiwe na ngazi, hupanguswa kwa thina, hupulizwa tabaka tatu nyembamba, kisha injini huoka kwa ngazi zilezile. Sehemu za jirani, hasa mikanda, mipira na waya, hufunikwa kwa gazeti, na betri huondolewa waya kabla ya kupuliza. Heda ya seramiki inaweza kuzibwa mkwaruzo kwa rangi ya silikoni, ambayo huzuia kutu hapo lakini hairudishi kinga ya joto. Eneo likizidi upana wa kiganja, heda hurudishwa kwa aliyeipaka.

Kabla ya kupaka heda ya zamani mara ya pili, hugongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti iliyokufa, na kikibonyea hakifai tena. Ufa mmoja huchomelewa, na welda huunguza upako sentimita kadhaa kila upande, sehemu ambayo yote husuguliwa na kupakwa upya. Ufa ukirudi palepale baada ya kuchomelewa, raba za kushikilia injini na mabano ya ekzosi hukaguliwa: raba ikikatika, injini hutikisika na uzito wote wa ekzosi huning'inia kwenye flanji. Raba hizo hubadilishwa kwanza, heda huchomelewa, na rangi huja mwisho.